Bakuli Halirudi Tupu

Mimi si mtu wa kungoja. Nikikalishwa kwenye benchi, goti langu linaanza kucheza lenyewe, na tangu utotoni mama amekuwa akilibana kwa kiganja kanisani, macho yake kwa katekista, mkono wake kwenye goti langu. "Tulia, mutoto weye," ananinong'oneza. "Hata Mungu anakuona unataka kutoka." Na kweli nilikuwa nataka kutoka.

Basi siku niliyosema naenda kusomea logistiki, mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimweleza kwamba ni elimu ya safari ya vitu: vinatoka wapi, vinapita kwa nani, vinakwama wapi, na yule wa mwisho anavingoja kwa muda gani. "Weye?" akasema. "Ukasomee kungoja?" Nikamjibu kwamba nasomea kuwaondolea watu kungoja, tena nikamjibu kwa ukali, kwa sababu nilijua amenipata.

Chuo chenyewe kiko hapa hapa Kasongo, vyumba vichache vyenye mabati, na mwalimu wetu wa ugavi alikuwa anatoka Kindu. Barabara ikiharibika, haji. Somo la kuheshimu délai, yaani muda wa kufikisha mzigo, lilichelewa mpaka tukalisahau, na alipofika hatimaye, tope kwenye suruali, tulimpigia makofi. Hakuchukia. Alisimama mbele yetu akatupa kazi: kila mmoja achague kitu kimoja cha kawaida, akifuate njia nzima hadi mkono wa mwisho. Mwenzangu mmoja alichagua chumvi, mwingine samaki wakavu wa Nyangwe. Mimi nikachagua sabuni ya mche, ile inayotoka madukani kwetu ikapanda pikipiki, ikapita Wamaza, ikaenda hadi Salamabila kwenye dhahabu, ambako watu wanatoka mashimoni wamepakwa udongo mpaka kope, na sabuni haitoshi kamwe.

Nilipomwambia mama kwamba nitapita Wamaza, aliacha kupepeta mchele. Kisha akaendelea kupepeta, lakini pumba zilikuwa zimekwisha.

Wamaza ndiko alikozaliwa. Huko ndiko anakoishi dada yake mkubwa, mama yangu mkubwa, na hao wawili walikuwa hawasemezani tangu bibi alipofariki. Nilikuwa bado sekondari, lakini nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Habari ilitufikia wakati wa mvua kubwa. Mama alipanda pikipiki siku ileile, mimi nyuma yake, na tulipofika mtoni daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Tulikwama upande wa huku. Mama alikuwa anatembea kando ya maji, anakwenda, anarudi, anawapigia kelele watu wa ng'ambo ambao hawakusikia. Simu haikushika. Kule Wamaza mwili ulikuwa ndani ya nyumba, joto kali, na wazee wa ukoo wakasema tuzike. Wakazika.

Kwetu kila mtoto wa marehemu anatupa konzi yake ya udongo kaburini kabla wanaume hawajashika majembe. Huko ndiko kuaga. Ukiulizwa kama ulimuaga mama yako, watu hawaulizi kama ulilia. Wanauliza kama ulitupa udongo. Tulipofika hatimaye, kaburi lilikuwa limeshindiliwa, na majani yamewekwa juu. Mama alisimama pale, viatu mkononi, tope hadi magotini.

"Yaya," akamwita, kama tunavyomwita dada mkubwa, mbele ya watu wote, "haukuweza kuningoja?"

"Maiti haingojake mutu," mama mkubwa akajibu.

Labda alikuwa amechoka. Labda alikuwa amelia mpaka maneno laini yakamwishia. Lakini lilitoka hivyo, kavu, na mama akasema kwamba kuanzia siku hiyo hana dada. Tukarudi Kasongo bila kula. Na tangu hapo mama, akisikia mtu anasema kwamba mzazi wake amezikwa vizuri, anaondoka penye mazungumzo.

Kwa hiyo asubuhi ya safari yangu ya sabuni, nilipokuta bakuli juu ya begi langu, nilishtuka. Ni bakuli la bati lenye mfuniko na maua mekundu, mali ya bibi. Lilikuwa limefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilijua kilichomo kwa uzito wake: mchele mpya, wa mavuno ya kwanza, ambao mama hampi mtu kabla hajaupeleka kanisani.

"Utamupa," mama akasema, mgongo kwangu.

"Nimwambie nini?"

"Bakuli itamwambia."

Na ni kweli, bakuli linasema. Hapa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mihogo kwenye sahani, utairudisha na ndizi, au chumvi, au hata yai moja. Ukikosa kabisa, unakaa na sahani mpaka upate. Anayekurudishia chombo kitupu, kimeoshwa, kimefutwa, amekuambia jambo moja tu: tumemalizana. Mama alikuwa amenyoosha mkono, kwa namna pekee ambayo kiburi chake kiliruhusu. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia, ila mama si mtu wa kukumbatiwa asubuhi.

Mama mkubwa alinipokea Wamaza kwa ugali na nyama ya kuku, akaniuliza habari za masomo, akaniuliza habari za mvua. Kuhusu mama hakuuliza. Bakuli alilipokea kwa mikono miwili, akayaangalia yale maua, akaliingiza ndani bila kulifungua. Nilipopita tena nikitoka Salamabila, begi limejaa karatasi zangu za sabuni, nilimuuliza kama nibebe bakuli. Goti langu lilikuwa linacheza, na motari, dereva wangu wa pikipiki, anapiga honi barabarani.

"Bado," akasema. "Sijaona cha kutia."

"Mama mukubwa, hata karanga kidogo..."

"Karanga?" Akanikazia macho. "Mutoto, uko na haraka ya kwenda wapi? Nitaituma miye mwenyewe."

Nikaondoka nimekasirika. Cha kutia! Nyumba ilikuwa na karanga, mahindi, mawese, kuku wanatembea uani. Alikuwa anataka kumtesa mama, nikajiambia.

Basi tukaingia kwenye kungoja. Mama alihamisha kinu chake cha kutwangia kutoka nyuma ya nyumba akakileta mbele, karibu na barabara. Alisema ni kwa ajili ya kivuli. Kivuli gani, na jua lilikuwa linampiga utosini? Kila pikipiki iliyotoka upande wa Kabambare, njia ya Wamaza, na vumbi lake, mchi ulisimama hewani. Ikipita, mchi unashuka. Mimi nilikuwa ndani naandika juu ya sabuni, na kila mchi ukisimama na mimi nilisimamisha kalamu, tukawa tunaangalia barabara wote wawili, bila kutazamana. Nilishindwa kulala, nilishindwa kusoma, niligombana na wenzangu chuoni bila sababu. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamfundisha mama kwamba mzigo ukipita délai yake, mwenye mzigo ana haki ya kuuliza.

"Délai yenu hiyo," mama akasema, "inapimaka moyo ya mutu?"

Nikarudi kwenye karatasi zangu. Hilo halikuwemo kwenye somo.

Kisha bakuli likafika. Motari aliyelileta tulikuwa tunamjua, mtu mzima, mcheshi, anayepita kwetu karibu kila safari na hakosi kuomba maji ya kunywa. Siku hiyo hakuzima hata injini. Alimpa mama bakuli, akasema, "Imetoka kwa dada yako," akageuza pikipiki akaenda. Mama alikuwa anatabasamu. Alikaa chini, akalipakata, akafungua fundo la kitambaa polepole, yeye ambaye hunikaripia kwa kuchelewesha mafundo. Akainua mfuniko.

Lilikuwa tupu. Safi, linang'aa, hata punje moja ya kitu hakuna.

Mama alirudisha mfuniko. "Basi," akasema. Akaenda uani, akaliweka bakuli chini karibu na kibanda cha kuku, akatia maji, na kuku wakaja kunywa. Bakuli la bibi! Kinu kikarudi nyuma ya nyumba. Usiku ule hakula, na kesho yake alikula kwa kuwa nilisimama mbele yake mpaka akala.

Nilimchukia mama mkubwa kwa hasira ambayo sikujua ninayo. Nilikuwa natembea ndani ya nyumba nikimtukana peke yangu. Ningeweza kuendelea hivyo hata leo, lakini kile kitambaa kilinikera. Nilikiokota pale mama alipokiacha, nikanusa: sabuni ya mche. Nilikuwa nimenusa sabuni hiyo kutoka Kasongo hadi Salamabila, na nilijua nani anainunua njiani na kwa kazi gani. Mama mkubwa alikuwa anafulia ile ya unga; nilikuwa nimeiona uani kwake. Sabuni ya mche, katika njia nzima ile, wanaitumia motari kuoshea pikipiki zao mtoni. Tena, nani anaosha kitambaa cha kufungia bakuli tupu? Nikaenda uani nikawafukuza kuku, nikageuza bakuli. Chini ya ukingo, pale bati linapokunjwa, palikuwa na mstari mwembamba wa udongo mwekundu. Udongo wa uani kwetu hauna rangi ile.

Sikumwambia mama. Nilitia bakuli na kitambaa kwenye begi, nikaenda moja kwa moja pale motari wanapokaa kungoja abiria. Yule wetu aliponiona alianza kuchunguza tairi lake ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

"Kaka," nikasema, "mu bakuli mulikuwa nini?"

"Bakuli gani?"

"Kaka, usinichezee."

Wenzake wakageuka. Akanivuta pembeni, akavua kofia. Alikuwa anaona haya kweli, mtu mzima yule, mpaka nikaanza kumwonea huruma kabla hajasema.

"Dada, miye nabebaka watu. Nabebaka mbuzi, nabebaka mabati, hata mugonjwa nimebeba. Pale mutoni nikafungua, niangalie kama kitu kinamwagika. Iko udongo. Udongo mwekundu, mbichi, imefungwa mu majani. Na njia yote iko inajua kama dada hawa wawili hawapendane. Nikasema, hii ni dawa. Wanataka kuua mama huyu, na ni miye nitamufikishia."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwaga. Haiko mu maji, hapana. Chini ya muti, na nikasema samahani, maana sikujua ni ya nani. Kisha nikaosha bakuli. Utapelekea mutu bakuli chafu namna gani? Nikaosha na kitambaa."

Nikataka kumpiga. Nasema kweli, mkono wangu uliinuka. Kisha nikakumbuka kwamba kama ningekuwa mimi pale mtoni, peke yangu, nikafungua bakuli la watu wenye ugomvi nikakuta udongo mbichi, labda ningetupa hata bakuli lenyewe. Alikuwa amemlinda mama. Alimlinda mpaka akamvunja moyo. Nikamwambia awashe pikipiki, tunaenda Wamaza sasa hivi, na akapandisha kofia kichwani bila kutaja bei.

Safari ile sikuisikia. Nilikuwa namwambia aongeze mwendo, yeye ananijibu kwamba haraka haina baraka, na mimi namwambia baraka nitazitafuta nikifika.

Mama mkubwa alikuwa anaanika mihogo. Aliponiona hakunikaribisha. "Mama yako amekutuma na matusi?" akauliza. "Maana kimya yake nimeisikia." Naye alikuwa anangoja! Alikuwa ametuma, hakupata neno, akahesabu kimya cha mdogo wake kuwa ni kukataliwa. Nikamweleza yote, motari amesimama nyuma yangu anaangalia vidole vya miguu yake. Mama mkubwa alisikiliza huku mkono wake ukigeuza mihogo ambayo alikuwa ameshaigeuza.

"Dawa," akasema mwishoni. "Alisema dawa." Akacheka kidogo, cheko la kuchoka, kisha machozi yakamtoka akayaacha yaende.

"Nilikaa na bakuli hiyo ya mama," akaniambia, "nikasema nitatia nini? Karanga? Mawese? Mudogo wangu hakulake mawese. Anaomba kitu moja tu, na ni miye nilimunyima. Nikaenda kwa kaburi, nikachota upande wa kichwa. Nikasema atashika mu mukono, atatupa pale anapotaka, hata mu shamba yake. Mama atapokea."

Nilitoa bakuli kwenye begi, nikaliweka mbele yake. "Mama mukubwa, jaza tena. Nitalipakata mwenyewe hadi Kasongo. Sitalishusha."

Akalisukuma kwangu.

"Hapana. Udongo ya mama haiko sabuni. Haitumwi mara mbili." Akafuta uso kwa kanga. "Aje."

Nilirudi nikijua kwamba neno hilo ni zito. Mama alikuwa hajapanda pikipiki tangu siku zile za daraja. Nilimkuta anatwanga nyuma ya nyumba, nikamwambia nikiwa bado nimesimama, bila kupumzika, kuanzia udongo hadi mto hadi sabuni. Mchi ulibaki juu. Nilipofika mahali pa "upande wa kichwa" aliushusha taratibu ndani ya kinu, akaushikilia kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshikilia nguzo.

"Nimewapa kuku," akasema. "Bakuli ya mama, nimewapa kuku."

"Haukujua, mama."

"Naye alifikiri nimekataa udongo ya mama yetu." Hapo akalia, kwa sauti, na majirani wakachungulia, na mimi nikamkumbatia ingawa si mtu wa kukumbatiwa, asubuhi wala mchana.

Aliliosha bakuli mwenyewe. Akatia mchele tena, kwa kuwa bakuli halirudi tupu upande wowote. Yule motari alitubeba wote wawili, na mama alikaa katikati, bakuli tumboni. Alikwenda polepole sana, mtu yule, anakwepa kila shimo, anapunguza mwendo hata mahali pazuri, na nilitamani kumpiga kisogoni aharakishe. Mtoni kulikuwa na daraja la magogo sasa. Mama alimwomba asimame. Aliangalia ukingo ule tuliokwama, akaangalia maji, madogo tu, maji ya kiangazi ambayo mtoto angeyavuka, akatikisa kichwa. Nilihisi kitu kinagonga paja langu. Lilikuwa goti lake. Lilikuwa linacheza. Nikaweka kiganja changu juu yake mpaka tukafika.

Mama mkubwa alikuwa amesimama barabarani. Sijui alisimama hapo tangu lini. Hawakukumbatiana. Mama alitoa bakuli, dada yake akalipokea kwa mikono miwili, akampa mtu aliyekuwa karibu, akageuka akaanza kutembea, na mama akamfuata, na mimi nyuma, kupitia mihogo, hadi kaburini.

Majani yalikuwa yamefyekwa upya. Upande wa kichwa palikuwa na kishimo kidogo, pale ambapo mama mkubwa alichota. Hakukifukia. Mama alipiga magoti, akachota udongo pembeni yake, akafumba mkono. Akaunyoosha juu ya kile kishimo.

"Mama," akasema, "nimefika."

Lakini mkono haukufunguka. Tulingoja. Vidole vilikuwa vimekaza mpaka udongo ukaanza kupenya katikati yake, na mama anatazama mkono wake kama wa mtu mwingine, na mimi, nisiyejua kungoja, nilisimama pale bila kutikisika.

Mama mkubwa akapiga magoti kando yake. Hakumwangalia. Alizungumza na kaburi, sauti ya chini, kama mtoto mkubwa anayemwombea mdogo wake msamaha nyumbani.

"Usimukasirikie, mama," akasema. "Njia ilikuwa mbaya. Alikuwa anakuja."

Ndipo mama akafungua mkono.